Inalipa au hailipi? Kikoba kimevunjwa na nyumba nzima ina mawazo

Mwezi wa kumi na mbili mwanzoni tulivunja kikoba, yaani kikundi chetu cha akiba tukagawana hela, nikatoka na milioni moja na laki mbili, na kabla hata sijashuka kwenye bajaji kufika nyumbani Nzuguni, hapa Dodoma, hela ilikuwa imeshagawanywa kwenye vichwa vya watu. Baba watoto anataka TV ya inchi 55. Mkubwa anataka kupanda treni ya SGR kwenda Dar, maana kwa maelezo yake darasani wamebaki watatu tu ambao hawajapanda (mi sijahesabu). Wa kati anataka kuona bahari, kwa hiyo hao wawili walishaungana mapema. Mdogo ana miaka mitatu, yeye anataka keki. Mi nilitaka simtank, tanki la kuhifadhia maji, na nilipolitaja hilo neno mezani pakawa kimya kama nimetangaza msiba.

Tulibishana siku nne. Siku ya tatu ndo nikashtuka kwamba wote tunatumia neno moja, "inalipa", na kila mtu ana maana yake. Mimi nikisema tanki linalipa namaanisha litapunguza hela inayotoka kila wiki. Baba watoto akisema TV inalipa anamaanisha itatumika kila siku. Watoto wakisema safari inalipa wanamaanisha watakuwa na cha kusimulia. Na keki, ukweli wa Mungu, inalipa kwa sababu mtoto wa jirani alifanyiwa na picha zilipostiwa status. Hivi vitu vinne huwezi kuvipima kwenye mzani mmoja, ni kama kumuuliza mtu wa sokoni Majengo kipi kizito kati ya kilo ya karanga na lita ya mafuta ya alizeti alafu ukatarajia akujibu pia kipi kitamu. Ndo maana mabishano ya hela kwenye familia nyingi hayaishi, watu hawabishani kuhusu hela hata kidogo, wanabishana kuhusu maana ya neno, afu kila mmoja anamuona mwenzake mbishi.

Tuanze na lililo rahisi, tanki. Mtaani kwetu maji yanatoka kwa mgao, na Dodoma ni nchi kavu, mvua ni msimu mmoja tu, mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne hivi, baada ya hapo ni vumbi na upepo. Wiki ya kawaida tunakaa siku mbili bila maji, na kila moja ya siku hizo tunanunua madumu sita ya lita 20 kwa mia tano mia tano. Ni elfu sita kwa wiki, elfu 24 kwa mwezi. Tanki la lita elfu mbili pamoja na stendi ya chuma, mabomba na fundi niliambiwa laki tano na elfu ishirini. Gawanya: miezi kama 22 hela imerudi, baada ya hapo ni faida, na tanki la plastiki ukiliweka vizuri unakaa nalo miaka. Hapo hakuna falsafa, ni kikokotoo cha simu tu. Ukiona kitu unaweza kukipigia hesabu ya namna hii, kipige, usikae kuuliza moyo wako unasemaje.

Shida ya tanki ni kwamba halimfurahishi mtu. Wiki ya kwanza unafungua bomba unacheka mwenyewe, wiki ya tatu umeshasahau kama lipo. Hakuna mtu anapiga picha na simtank.

Kinyume chake kuna vitu ambavyo bei yake ya dukani ni mlango tu, nyumba yenyewe iko ndani. TV mpya inataka king'amuzi cha maana, king'amuzi kinataka kifurushi kila mwezi, watoto wakigundua ina YouTube inataka bando, na LUKU ya umeme inasonga. Friji hivyo hivyo. Gari ndo usiseme, mafuta, bima, tairi, fundi, na ndugu ambao zamani walikuwa wanapanda daladala bila shida yoyote. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimeipata kwa bei poa" muulize kukaa nayo ni shilingi ngapi kwa mwezi, na kama ameichukua kwa mkopo mjumlishie na riba. Kuna mama tunafanya nae kazi alichukua laki tano za sofa kwa wakopeshaji wa mtaani, miezi mitatu akarudisha laki sita na nusu. Sofa lake kwa hiyo ni la laki sita na nusu, hata kama risiti inasema tano.

Sasa TV. Hoja ya baba watoto ilikuwa na akili kuliko nilivyotaka kukubali: chukua bei, gawanya kwa idadi ya siku utakazoiwasha, utakuta ni hela ya kiberiti. Na ni kweli, hesabu ya bei kwa kila matumizi ni nzuri sana, ndo inayokwambia kiatu cha shule cha elfu 35 kinachovaliwa mwaka mzima ni rahisi kuliko cha elfu 12 kinachofumuka mwezi wa pili. Ila ina mtego mmoja: ile idadi ya matumizi unaitaja wewe mwenyewe, siku ambayo una hamu, kwa hiyo unaongopa bila kujua. Wachumi wawili, DellaVigna na Malmendier, walichapisha utafiti 2006 kuhusu watu wa gym kule Marekani. Waliolipia uanachama wa mwezi walikuwa wanalipa zaidi ya dola 70, wakihudhuria kwa wastani mara nne na kidogo kwa mwezi, maana yake kila wakiingia mlangoni imewatoka zaidi ya dola 17, wakati palepale kulikuwa na kadi ya mara kumi ambayo kila mara inakuja dola kumi. Hakuna aliyewadanganya. Walijikadiria tu kama watu wa mazoezi wakati ni watu wa kitandani kama sisi.

Mimi sina gym lakini nina kifurushi kikubwa cha king'amuzi nilichokuwa nalipia kwa ajili ya chaneli za filamu. Nikajipima wiki mbili, naandika kila nikikaa kuangalia. Nilikaa mara moja, nikalala katikati. Tumerudi kifurushi cha chini chenye mpira na katuni na hakuna aliyelalamika, hata mimi mwenyewe.

Kwa hiyo usijiulize utakitumia vipi. Angalia ulivyokitumia cha mwanzo. Ile TV yetu ya inchi 32 inawashwa saa moja taarifa ya habari, katuni kidogo, mechi za wikendi, basi. Ya inchi 55 ingewashwa muda uleule, ila kubwa. Lakini jirani yangu wa nyumba ya pili alinunua kama hiyohiyo na kwake imelipa kabisa, maana mechi zote alikuwa anaangalia baa, kila mechi bia tatu na mishkaki, siku hizi anaangalia sebuleni na vijana wake na mkewe amenenepa kwa furaha. Kitu kilekile, bei ileile, nyumba mbili, majibu mawili. Ndo maana mimi siamini hizi orodha za mtandaoni za "vitu kumi usivyopaswa kununua", aliyeandika hajui baa yenu iko umbali gani.

Nije kwenye burudani, maana hapo ndo tunaliwa sana na hesabu inagoma.

Mwaka juzi mwezi wa saba, likizo, tuliwapeleka watoto hoteli moja hapa mjini yenye bwawa la kuogelea. Kiingilio mkubwa elfu kumi, mtoto elfu tano, mdogo bure. Tumeingia wazazi wawili na watoto wawili, thelathini. Chips kuku sahani nne za elfu 14, hamsini na sita. Soda tano za elfu mbili, bajaji kwenda na kurudi elfu 16. Laki moja na elfu kumi na mbili, na sijataja barafu za kijiti. Sasa kama hujawahi kukaa Dodoma mwezi wa saba, ule upepo una meno. Watoto walikaa kwenye maji dakika kama 40, wakatoka midomo ya bluu wanatetemeka ndani ya taulo, wa kati akasema mama naomba twende nyumbani. Unajua nilimjibu nini? "Rudi majini, tumeshalipia." Tukakaa mpaka saa kumi na moja jioni, mimi nikiwa nimejifunga khanga kichwani kama mgonjwa, tunailinda elfu thelathini ambayo ilishaingia droo ya watu toka asubuhi. Jumatatu wawili wana mafua makali, zahanati, dawa, elfu ishirini nyingine.

Huu ugonjwa una utafiti wake. Mwaka 1985 Arkes na Blumer waliandika kuhusu jaribio walilofanya na wateja wa tamthilia kwenye chuo kikuu cha Ohio: watu waliokuja kununua tiketi za msimu mzima, wengine waliuziwa bei kamili dola 15, wengine wakapunguziwa bila kutarajia, na wote walitaka tamthilia zilezile. Waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi kwenye nusu ya kwanza ya msimu. Hela waliyokwisha kuitoa ndo ilikuwa inawaburuza. Ukikaa ukafikiria ni kituko, maana hela iliyotoka hairudi ukihudhuria wala usipohudhuria, la maana ni saa zinazokuja tu, zitakuwa nzuri au mbaya. Mtoto wangu wa miaka sita aliliona hilo kabla ya mama yake mwenye diploma.

Na kitu kingine kuhusu ile siku. Nikiwauliza leo wanakumbuka nini, wanakumbuka kenge aliyetoka kwenye maua akawakimbiza wahudumu. Bwawa hawalitaji. Wakati Jumamosi tulizoenda mnadani Msalato wanazisimulia zote, ng'ombe waliotoroka, moshi wa mbuzi choma, yule babu aliyewapa fimbo yake washike, na pale tulitumia elfu 25 na nyama tumebeba. Siku nyingine tunapanda mawe kule Mlima Simba na chupa ya chai na viazi vya kuchemsha, wanarudi na magoti yamechunika na furaha isiyo na kipimo. Sisemi cha bei rahisi ndo kizuri, kuna safari za bure zinachosha mpaka basi. Nasema kiingilio hakinunui furaha ya mtoto, mtoto anataka kitu kitokee, na mahali palipopangwa sana hakuna kinachotokea mpaka kenge aje.

Kuna hesabu moja ambayo kwenye mabishano yetu haikutajwa na mtu mpaka nilipoitaja mimi, nayo ni muda wa mama. Jumamosi nafua. Watu watano, sare za shule, mashuka, na vumbi la Dodoma jekundu linalokaa kwenye kola kama limeshonewa, masaa manne kwenye beseni, mgongo unaita. Nikiwa nafua, safari ya Msalato haipo, hata kama ni ya bure. Sasa kuna dada anapita mtaani anafua kwa elfu saba nguo zote. Miaka nilikuwa naona kumlipa ni uvivu, tena mama mkwe angesikia! Lakini mwaka 2017 Ashley Whillans na wenzake walitoa utafiti, waliwapa watu wa Vancouver, Kanada, dola 40 wikendi moja wanunue kitu, na wikendi nyingine dola 40 wanunue cha kuwaokolea muda, na ile ya kununua muda ndo waliona siku imekuwa nzuri zaidi. Kanada sio Nzuguni, najua. Ila elfu saba mara nne ni elfu 28 kwa mwezi, na mimi napata Jumamosi nne za kuwa na wanangu nikiwa sinuki sabuni. Ukinipa TV ya inchi 55 haiwezi kunipa hilo. Mashine ya kufulia niliifikiria pia, lakini kwa presha ya maji ya kwetu ingekuwa kabati la kuwekea beseni.

Kwenye vitu tunavyolipia kwa ajili ya macho ya watu nitapita haraka maana nitagombana na wengi. Shule ya mtoto wa kati ilifanya mahafali ya chekechea, joho, kofia, picha, chakula, elfu 60 kwa kila mtoto, na mtoto mwenyewe Januari anaendelea palepale, geti lilelile. Nililipa. Ningekataa angebaki pekee bila joho na hilo nalo lina bei yake, kwa hiyo siwezi kujifanya mjanja. Michango ya harusi na send-off ni tofauti kidogo, wengi wanaihesabu kama hela iliyopotea lakini mi nilifiwa na baba kule Kongwa, na waliokuja kubeba jeneza na kupika ni walewale niliokuwa nalalamika michango yao. Tulichofanya ni kuweka kiasi cha mwaka mzima kwenye laini ya simu nyingine, ikiisha imeisha, anayefuata anapewa pole na gauni la kuazima. Keki ya mdogo nilioka mwenyewe kwenye sufuria na mkaa juu ya mfuniko kama tulivyokuwa tunafanya zamani, ikaungua chini, hakujali, alilamba krimu tu.

Haya, safari. Hii ndo ilikuwa ngumu, maana hairudishi shilingi, haitumiki kila siku, ikiisha imeisha. Kwanza nikapiga nauli. SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024 nauli ya kawaida kutoka Dar ilitangazwa 31,000, watoto wa miaka minne hadi 12 nusu, chini ya minne bure. Wakubwa wawili 62,000, watoto wawili 31,000, mdogo anapanda kifalme. Elfu 93 kwenda, laki na elfu 86 kwenda na kurudi. Basi lingekuwa na hesabu yake, ila basi ni masaa nane, tisa, wakati treni ni kama masaa manne, na tulikuwa na siku nne tu za ruhusa kazini. Kwa basi mbili kati ya hizo zingeishia barabarani na mdogo anatapika kuanzia Gairo. Masaa tuliyookoa nayo ni sehemu ya kile tulichokilipia, watu wengi wanalinganisha nauli na nauli wanasahau kulinganisha siku.

Malazi tulifikia kwa shemeji Mbagala, na kufikia kwa ndugu sio bure jamani, tulibeba mafuta ya alizeti lita tano, karanga, ubuyu (zabibu hazikuwa msimu wake), na nikaacha ya mboga kila asubuhi. Safari nzima ilikula laki tatu na elfu 55.

Ila nikwambie. Mkubwa alianza kuhesabu siku kwenye kalenda ya ukutani wiki mbili kabla, alikuwa anaosha vyombo bila kuambiwa, kwa hiyo ile furaha tulianza kuila kabla hatujakata hata tiketi. Kwenye treni waligandisha pua kwenye kioo, mahandaki ya kule Kilosa wakahesabu manne kwenda na matatu kurudi na mpaka leo wanabishana, mmoja anasema mwenzake alisinzia. Coco Beach tulikula mihogo yenye chachandu, wa kati akaonja bahari akatema, akaniuliza nani kaweka chumvi. Lakini kilichowamaliza ni pantoni la Kigamboni. Nauli mia mbili. Tulivuka, tukarudi, wakaomba tena, tukavuka tena, baba watoto amesimama anashika reli anacheka peke yake kama ndo yeye mtoto, na yeye ndo aliyekuwa anataka TV.

Kwa hiyo mgawanyo ulikuwa hivi: tanki laki tano na ishirini, safari laki tatu na hamsini na tano, ikabaki laki tatu na elfu 25 ambayo Januari iliimeza kwa daftari, viatu na sehemu ya ada bila hata kutoa shukrani. TV ilikosa. Tanki hatukuliweka kwenye mzani mmoja na safari, tulilitoa kwanza pembeni kwa sababu lina hesabu yake, ndo tukagombania kilichobaki, na ugomvi ukapungua sana.

Sasa hivi kikoba kipya kiko mwezi wa tano na mazungumzo yameanza upya. Mkubwa kafundishwa shuleni kuhusu michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, ile iliyoingizwa urithi wa dunia na UNESCO 2006, anataka twende. Lami ipo mpaka huko, tunalala kwa rafiki wa baba watoto, bei sio mbaya. Tatizo ni mdogo, maana huko hakuna treni, na kiti cha nyuma cha gari la kuazima kinabidi kirudi kwa mwenyewe kikiwa kisafi. Nimeshaanza kukusanya mifuko.